Lugha Uliyobaki Nayo, Mama

Mama yangu,

Mvua imeanza asubuhi, ile ya Tukuyu isiyo na haraka, na wajukuu zako wamekwama ndani. Mdogo wao ameniuliza, "Hivi bibi alikuwa anaongeaje?" Nikafungua mdomo nikuigize, nikashindwa. Sauti ninayoisikia ni ya miaka ile ya mwisho tu. Ile ya zamani, ya kutuita chakula kutoka mlango wa jikoni, imeniponyoka. Nimeogopa, mama. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe huwezi kukumbuka mambo haya, kwa hiyo acha nikusimulie.

Ilianza na sabuni. Maduka yalikuwa yamejaa tena. Biashara ilishafunguliwa, kila mwenye mtaji anauza anachotaka, na sabuni zimepangwa hadi karibu na dari. Wewe ukawa unazificha chini ya godoro. "Zitaadimika hizi, Tusekile," ulinionya. Tulicheka. Tulidhani ni mazoea ya miaka ya dhiki. Kisha siku moja tulikwenda dukani pamoja, ukasimama nje mlangoni na kikapu chako. Ndani hapakuwa na mteja hata mmoja. Ukaniuliza, "Foleni inaanzia wapi?" Muuzaji aliangua kicheko. Mimi nilikutazama machoni, nikaona hufanyi mzaha.

Baada ya hapo yakaja mengine. Wewe nesi, uliyewajua kwa majina watoto uliowapokea wakizaliwa kule Masukulu mpaka wakawa watu wazima, ukaanza kumwita kaka Ambakisye "kijana". Baba ukamwita "mzee", kwa adabu, kama unavyomwita mtu mliyekutana njiani.

Tulikupeleka hospitali. Daktari kijana, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, alitoka nje akaketi nasi kwenye benchi. Baba akamuuliza, "Inakuwaje jina langu amelisahau, lakini nyimbo za kanisani anaziimba mpaka mwisho?"

"Mzee, ubongo hauna chumba kimoja cha kuwekea kumbukumbu," alisema. "Mambo ya karibuni hayajashika sawasawa, ndiyo yanayotangulia kupotea. Ya utotoni ameyarudia maisha yake yote, hayo yanakawia. Na kazi za mikono zina njia yake nyingine kabisa."

"Na mimi niko kwenye yapi?" Baba aliuliza.

Daktari alimsogelea. Alimshika bega.

Alisema kweli kuhusu mikono. Kila asubuhi ulitandika kitanda kwa zile kona za wodini, shuka limenyooka kama limetoka kupigwa pasi. Ukimaliza unageuka kutuuliza mgonjwa yuko wapi.

Kisha lugha zikaanza kuondoka. Kinyakyusa kilitangulia. Ulijifunza ukubwani, ulipoletwa huku kikazi na baba akakuoa, na watu wa Rungwe walisahau kabisa kwamba wewe ni wa kuja. Sasa jirani akikusalimia, "Ugonile," unamkodolea macho. Baadaye Kiswahili, ulichokipata shuleni, kikawa kinakukatikia katikati ya sentensi. Mwishowe ukabaki na Kipare, lugha ya kwenu milimani, na nyumba nzima hapakuwa na aliyeijua. Tulipokuwa wadogo tulikuomba utufundishe, ukasema, "Mtazungumza na nani huku?"

Hicho ndicho kipindi kilichonivunja. Ulikuwa unatuambia jambo, sisi tunatazamana. Unarudia taratibu, kama mtu anayesema na viziwi. Halafu unalia.

Nikamfuata Nakijwa. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja na mabelo ya mitumba soko lilipochangamka, binti Mpare, anamwaga magauni yake juu ya turubai pale sokoni. Nilimweleza. Alimwachia jirani yake biashara, akajifuta mikono, akasema, "Twende, dada."

Alipokusalimia kwa lugha yenu, uliruka kutoka kitini. Ulimshika mashavu kwa mikono yote miwili. Maneno yakatoka kama maji yaliyokuwa yamezibwa, unacheka, unauliza, unacheka tena. Sijawahi kukuona ukiongea vile, mama. Kwetu siku zote ulikuwa mtu wa maneno machache. Nilisimama mlangoni nikijiuliza ni nani huyu aliyeishi nasi miaka yote hii.

"Anasemaje?" nikauliza.

Nakijwa alinigeukia. "Anauliza kama huko nyumbani mvua zimenyesha. Anasema alitumwa chumvi, akapotea njia, na mama yake atakuwa anamtafuta." Akamtazama baba. "Anasema watu wa nyumba hii ni wema sana. Huyu dada anampikia vizuri. Anaomba nimshukuru huyu mzee kwa kumhifadhi."

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi. Kisu kilisimama. "Mwambie akae tu," alisema. "Akae mpaka atakapopenda mwenyewe."

Ulipoambiwa ulifurahi. Ukauliza tena, na Nakijwa akainamisha macho alipotafsiri: "Anauliza kama mzee ana mke."

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Baba alikutazama kwa muda mrefu. "Amesafiri," akasema. "Namngoja."

Ukamwonea huruma. Ulinyanyuka ukachukua kisu kingine, ukaketi karibu naye, mkamenya ndizi pamoja hadi sufuria ikajaa.

Tangu siku hiyo Nakijwa akawa anapitia kwetu akifunga biashara, na mimi nikamwomba anifundishe maneno machache. Mama. Njoo ule. Usiogope. Maji ya kuoga yapo tayari. Na moja refu, lililonipa taabu kulitamka: mama yako anajua uko hapa. Jua likianza kuzama na wewe unaanza kutafuta viatu vyako ili uende nyumbani, nilikuwa nakuambia hilo. Ulikuwa unatulia. Unaviacha viatu.

Mama, watu waliniambia nishukuru, kwa sababu ulisahau na maumivu pia. Labda. Lakini mimi nilifiwa nawe nikiwa nakuogesha, nikafiwa nawe tena nikiwa nakulisha, na hakuna aliyekuja kunipa pole kwa sababu ulikuwa bado unapumua. Sasa nami nafukua chini ya miaka ile nikimtafuta mama aliyekuwapo kabla yake, na kila nikimpata nahisi nusu yake nimeitunga mwenyewe. Baba anasema hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Sijui kama anasema kweli au ananifariji.

Siku ya mwisho ulikuwa umelala ubavu, mimi nimeketi ukingoni mwa kitanda. Ulifumbua macho, ukanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona umenitambua. Ukatamka neno moja, lile la kwanza kabisa nililofundishwa na Nakijwa. Uliniita mama.

Nikaitika.

Lala salama.

Kitindamimba wako,
Tusekile