Nilikula kwa Bibi Sechelela

Mama yangu wa Masukulu,

Mwagonile, Juba, nakusalimu kwa lugha yetu, mama yangu. Huku Makandana, Tukuyu, mvua haijakatika tangu juzi. Nguo zangu zina siku ya tatu kwenye kamba ya ndani na bado zinanuka unyevu. Ungekuwepo ungeniambia niache kulalamika, maana mvua ndiyo inayotulisha. Ni kweli, na ni kwa sababu hiyo hiyo ninakuandikia. Kuna jambo limenichanganya, na mtu wa kuniamulia nilikuwa naye mmoja tu, wewe, ambaye sasa una mwaka wa pili umelala nyuma ya nyumba, kando ya migomba uliyoipanda mwenyewe. Barua hii nimeiacha wazi, wengine nao waisome. Huenda yupo anayejua jibu.

Unaikumbuka ile Jumapili kwa Mama Tusekile? Nilikuwa na miaka kama minane, tumetoka kanisani, akatutengea mbalaga, zile ndizi za kupikwa na maharage. Zilikuwa zimeshika moshi nikasema sitaki. Ulinifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakanitoka. Nikala sahani nzima huku nalia, na Mama Tusekile akawa anamgombeza binti yake kwamba amezidisha pilipili. Njiani hukunipiga. Uliniambia tu, "Mtu akikupa chakula amekupa heshima yake. Ukikataa, unataka aipeleke wapi?"

Tangu siku ile sijakataa chakula cha mtu. Nimekula viporo, nimekula vilivyoungua, nimekula nyumba tatu kwa mchana mmoja wa Krismasi hadi nikashindwa kufunga sketi. Chuoni wenzangu waliniita Hakatai. Nililipenda lile jina, nikaona ni malezi yako yanasifiwa.

Halafu unakumbuka redio ilipotangaza kwamba mikoa ya kati ina njaa? Ulikuwa unamenya ndizi, mikono umeipaka mafuta ili utomvu usikugande. Ukainua uso ukauliza, "Kwani huko hawana hata mgomba mmoja?" Tukacheka wote. Hatukucheka kwa ubaya, Mama, ila mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tulikuwa na shibe ya parachichi zinazooza chini ya mti. Nilikuwa sijawahi kuona shamba lililolimwa vizuri, likapaliliwa, halafu likakauka lote.

Nimeliona mwaka jana. Nilikuwa nimesubiri ajira ya ualimu mpaka nikachoka, nikapata kazi ya muda huko Ugogoni, ya kuandikisha kaya zitakazopewa chakula cha msaada. Mvua ilikuwa imewakatalia misimu miwili. Kabla hatujaingia vijijini msimamizi wetu alitusimamisha akasema, "Msile kwenye nyumba za watu. Hata karanga moja." Nilidhani anaogopa rushwa. Nikajisemea moyoni, huyu hakulelewa na mama yangu.

Nyumba ya mwisho mchana ule ilikuwa ya Bibi Sechelela. Mjane, anaishi na wajukuu wawili. Ana umri ambao ungekuwa nao wewe, na kama wewe anafunga kilemba upande. Labda hicho nacho kilinivuruga. "Mbukwa," alinisalimia kwa kwao, akanitolea kigoda chenye kitambaa.

Nikafungua dodoso kwenye kishikwambi.

"Bibi, siku saba hizi mlikuwa mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Tunakula, mwanangu. Mungu hajatuacha."

"Na sasa hivi ndani kuna chakula?"

"Kipo. Kwani wewe nani kakwambia utaondoka hapa na njaa?"

Akaingia jikoni. Nilimsikia anasaga kwa jiwe, na hata hapo sikujiuliza kwa nini mtu mwenye unga anaanza kusaga. Akatoka na ugali wa uwele na mlenda. Nikakumbuka msimamizi, halafu nikakukumbuka wewe na lile paja langu. Nikala. Wajukuu walisimama mlangoni wakinitazama, nikafikiri wanashangaa mgeni. Nilimaliza wote, Mama, kwa adabu, kama ulivyonifundisha. Nikamshukuru, nikachukua kishikwambi, nikabonyeza: chakula kipo. Ningeandika nini tena? Nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

Majina yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji na lake halikuwemo. Watu waliulizwa, mwenye malalamiko anyooshe mkono. Alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono mapajani. Siku ya mgawo, mvua zikiwa zimeshaanza, nikamkuta anamsaidia jirani yake kujitwisha mahindi. Nikamvuta pembeni.

"Bibi, mbona mkutanoni ulinyamaza?"

Akacheka kidogo, kiganja mdomoni.

"Ningesemaje sina chakula, na karani mwenyewe amekula kwangu akashiba?"

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Ule uwele ulikuwa mbegu. Bibi alikuwa ameufunga kwenye kitambaa akauning'iniza juu ya moto, moshi uulinde na wadudu mpaka mvua irudi. Alinisagia kiasi. Baada ya jina lake kukosekana, yeye na wajukuu wakala uliobaki. Mvua ilipokuja wenzake walipanda, yeye akapanda kipande kidogo kwa mbegu za kuomba.

Nilirudi kwa msimamizi nikamwambia ukweli wote, kuanzia kigoda. Hakunifokea. Alisema orodha imefungwa, Bibi atasubiri awamu nyingine. Nikanunua debe la mahindi nikampelekea mwenyewe. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, kisha akachota mahindi kwenye ungo na kuanza kupuliza moto. Unajua anapuliza moto kwa ajili ya nani. Nikakimbia, Mama. Nilisema gari linaniacha, na gari halikuwepo.

Tangu nirudi Tukuyu nimekuwa kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani. Kuna saa nakukasirikia, na nasema waziwazi maana hutanifinya tena. Ulinifundisha adabu ya nchi yenye ndizi, hukuniambia kwamba kuna mahali adabu hiyo hiyo inamaliza mbegu ya mtu. Halafu nakutetea. Ungejuaje? Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu mwenyeji alikuwa anapona kweli, kwa sababu ndizi zilikuwepo na mgeni alikuja na habari. Halafu namkasirikia Bibi Sechelela, ambaye alikuwa na neno moja tu la kusema, sina, akalimeza. Halafu najiuliza, wewe ungelisema? Kwa karani kijana, mgeni, amekaa kwenye kigoda chako? Nakufahamu. Ungeuza blanketi kwanza.

Ile sheria ya msimamizi, "hata karanga moja," niliiona ya mtu asiye na utu. Sasa sijui. Labda yeye naye alikula mahali fulani.

Wiki iliyopita amenipigia simu. Misaada inarudi, uandikishaji unaanza upya, na amenipanga kijiji kile kile. "Wewe wanakujua," alisema. Nilimuuliza kuhusu Bibi Sechelela. Akasema ndiyo, yumo kwenye kaya za kuhojiwa, lakini dodoso ni lile lile, na karani haandiki huruma, anaandika alichojibiwa na alichokiona.

Nilipanda Masukulu kumwambia dada Tumpe. Alikuwa anapakia parachichi kwenye matenga na hakuacha kazi.

"Gwe, wewe nawe, si unamwambia tu umeshiba?"

"Nimeshibia wapi, dada? Kijiji kizima kina njaa."

Akapanga parachichi mbili, tatu. "Basi usiende."

"Nisipoenda, ataenda karani mwingine. Naye atamjibu kwamba wanakula."

"Ndaga, mdogo wangu," akasema, na hiyo pole ndiyo yote aliyokuwa nayo. Akanifungia ndizi za kusafiri nazo. Nikazichukua bila kufikiri, kisha nikasimama pale barabarani nikizitazama, nikijiuliza kama watoto wake walikuwa wamekula. Walikuwa wamekula, Mama. Wale wamenona. Lakini ndivyo nilivyo siku hizi, siwezi kupokea hata ndizi ya ndugu yangu bila kuikagua.

Jumatatu naondoka. Jambo moja tu ninalo hakika nalo: safari hii akisema kipo, nitamwomba anionyeshe kilipo, hata kama kumwomba hivyo ni utovu wa adabu ambao haujawahi kutokea katika ukoo wetu. Nitaingia mpaka jikoni kwake. Nitafunua vyungu vya mwanamke wa umri wako mbele ya wajukuu zake, niandike kwamba ni vitupu, naye atasimama pale akinitazama. Hivyo ndivyo jina lake litakavyoingia kwenye orodha. Sioni njia nyingine, na hii nayo naiogopa.

Na nikishamaliza, nikishamvua nguo kiasi hicho, najua atakachofanya, kwa sababu ndicho ambacho wewe ungefanya. Atatuma mjukuu kwa jirani akaazime unga. Ataniletea maji ninawe. Mama, nikinyoosha mikono nitakuwa nimemla mara ya pili. Nikiificha, nitakuwa nimemchukulia hata kile kidogo nilichomwachia.

Niambie, Juba. Mikono niiweke wapi?

Lala kwa amani huko migombani.

Ni mimi,
kitindamimba wako, Hakatai