Kibaraza cha Vipande Tisa

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, mgongo tu. Jana saa tatu na nusu asubuhi nilipoteza karakana yangu, mbele ya wazazi kumi na saba.

Vile vipande mia moja na ishirini vya kuchezea ujenzi katika chekechea yako nilivikata mimi, kwa mabaki ya mbao zangu. Kona mia tisa na sitini nimezipiga msasa ili zisichome vidole. Jana ukasimama kuwaeleza wazazi sheria za watoto za kujenga: dirisha lielekee upepo, paa lizidi ukuta lilete kivuli, na anayejenga upya abomoe cha zamani, asifuate vipya kabatini. Makofi! Mwalimu hodari! Fundi hata kiti hakupewa.

Kisha Msumari, binti yangu wa kumzaa, niliyekuachia muhula mmoja tu awe karibu na shule, akabomoa "karakana ya mama" aliyoijenga kwa vipande, akaiongezea ile "nyumba" yako kibaraza. Nawe unacheka. Unamfundisha nini huyo mtoto?

Dada yako

Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi wazima, ila Msumari kang'oka jino.

Kiti ulipewa. Ulikikataa, ukasema mguu mmoja unacheza, na kweli unacheza. Nilikutaja mwanzo kabisa. Ulichelewa dakika ishirini.

Ulipoondoka bila kumuaga, nilimuuliza mtoto. Akasema, "Kibaraza ni cha mama. Atapiga randa pale, kuna kivuli. Vipande si vilevile vyake? Vimehama tu." Hataki mtu akiguse. Kila siku ananiuliza kama hukukipenda.

Mdogo wako

Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, na mpe pole ya jino. Kumbe ulinitaja. Haya.

Usidhani nimelainika. Kibaraza nilikihesabu: vipande tisa. Meza yangu ya kazi inataka kumi na moja. Mwambie aongeze viwili, avitoe chumbani kwako; kikubwa mno kile.

Lakini moja bado limenikwama kooni. Akibomoa, alikugeukia akasema, "Mama, nishikie hapa." Ukashika. Hukumsahihisha. Nilikuwa hatua nne tu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni nitakuwa mlangoni kwako. Jibu lako ndilo litakaloamua nije na randa, au na begi tupu la kutilia nguo zake. Siku ile ulimi uliteleza, au hapo nyumbani anakuita mama? Usinipe maneno ya ualimu. Nataka jibu moja, Ijumaa hiyohiyo, kabla ya saa kumi.

Mama yake Msumari