Waya Ulioufunga Bwawa la Makole

Baba,

Shikamoo. Marahaba leo nimejiitikia mwenyewe.

Walikusema vibaya. Unakumbuka gesti ya Makole, ile iliyojengwa watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara, na bwawa lake la kuogelea tulilolifunga waya mimi na wewe? Juzijuzi mwenye gesti aliweka ngazi mpya na malumalu mapya pembeni. Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja akashika ngazi akiwa majini, akapigwa na umeme mpaka begani. Alipona. Lakini mwenye gesti alisimama baa, akatangaza: "Kazi ya yule fundi marehemu. Aliilipua tu."

Mama akaacha kwenda sokoni kwa aibu. Siku kumi na moja.

Wewe ulipue kazi! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tumepiga magoti ndani ya shimo lile kabla ya zege, ukanionyesha: nondo, ngazi, mwili wa pampu, vyote vishikane kwa waya mmoja wa shaba. Nikakuuliza, kwa nini tusikichimbie kila chuma fimbo yake ya shaba ardhini, tumalize? Ukacheka. "Binti, kiangazi udongo wetu mkavu kama ugali wa juzi, haupokei umeme. Mtazame ndege juu ya waya. Hafi, kwa kuwa miguu yote miwili iko kwenye umeme ulio sawa. Na mwogeleaji tumfanye ndege." Kisha ukanifanya nifungue na kukaza upya vibano vyote ishirini na sita, kwa sababu kimoja kililegea. Nilikununia hadi nyumbani Mkonze. Ukaninunulia karanga, nikala huku nimenuna.

Karanga zile ningezila leo, Baba. Hata kwa kununa.

Nilikwenda gesti na mita yako ya kupimia umeme. Kati ya ngazi na maji: volti ishirini na mbili. Pampu ilikuwa inavujisha umeme, maji na nondo vikapanda volti pamoja, ngazi ikabaki chini peke yake. Fundi wao alikuwa ameichimbia fimbo yake, kwenye udongo uleule uliokuwa ukiucheka. Nikazima umeme, nikabandua malumalu mawili. Waya wako ulikuwepo. Walikuwa wameukata, wakaufukia. Nikaiunga ngazi kwenye waya huo, nikawasha, nikapima: sifuri. Pampu nikaitengeneza baadaye.

Mwenye gesti akasema, "Basi dada, yameisha."

"Hayajaisha. Ulilisemea baa, ukalifutie baa."

Jumamosi alisimama palepale baa, akasema waya ulikatwa na mafundi wake, na kazi ya mzee ilikuwa safi. Nililia juu ya soda yangu mbele ya watu wote. Sijali.

Jana Mama alikwenda sokoni. Alirudi na mlenda, na umbea wa siku kumi na moja.

Lala sasa, Baba. Kwaheri. Nakuahidi, pale ninapofanya kazi mimi, zege halitamwagwa kabla sijapima kila kibano kwa mkono wangu, hata wakiniita mkorofi.

Wameshaanza kuniita.

Binti yako,
Yustina