Nani Atasimama wa Kwanza

Kashikishi, Zambia, Jumapili 9 Juni 2024

Mama mpenzi,

Pokea salamu nyingi, wewe na Simone binti yangu. Mmeamkaje huko Kilwa yetu ya Kongo, ng'ambo ya ziwa? Mgongo wako je? Mimi mzima, ila nanuka samaki hata kanisani.

Najua jana mliningoja tena. Mama, kazi ya Jumamosi inaisha saa sita. Chisense, wale samaki wadogo, wote wamekauka na wamefungwa mifukoni. Lakini hakuna anayesimama kwenda kwake! Mmoja anasugua beseni safi, mwingine anafagia palipofagiliwa, mimi nafunga upya mifuko iliyofungwa. Wenzangu wanapenda kazi ajabu. Mimi mgeni, tena Mkongo. Nikiondoka wa kwanza wataniita mvivu. Saa nane nasikia injini ya boti ya Ruffin ikienda kwenu, nami bado na kamba mkononi. Nalia ndani kwa ndani.

Binti yako,
Débora

Kilwa, Jumatano 12 Juni

Débora mwanangu,

Sisi wazima, sifa kwa Bwana. Mgongo unalalamika, usiuonee huruma.

Simone alikaa ufukweni mpaka giza likaingia. Sasa anasema Jumamosi haendi tena kukungoja, afadhali acheze. Iliniuma sana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umeshika tangu Machi, ugeni gani tena? Na hao wenzako, uliwauliza kama wanalipenda hilo beseni? Simama, mtoto wangu. Wakicheka, wacheke, meno ni yao.

Mama yako

Kashikishi, Jumapili 16 Juni

Mama,

Salamu tele, na pole ya mgongo. Nimeshindwa. Nilinyanyuka, mama Nsama, mkubwa wetu kwa umri, akanitazama, nikajifanya natafuta ufagio. Nikafagia. Usinigombeze, najigombeza mwenyewe.

Binti yako mwoga

Ndani ya boti, Jumamosi 22 Juni

Mama,

Afya yako leo siulizi, nitaiona kwa macho.

Wiki nzima Ruffin alikuja bila barua yako. Kimya chako kilinichoma kuliko matusi. Basi leo saa saba na nusu nikasimama, nikasema: "Bamama, miye naenda kuona mutoto wangu."

Léonie, yule wa beseni, akatupa kitambaa. "Aksanti Mungu! Miye nilikuwa nangojea ba mama Nsama basimame!"

Mama Nsama akashika kiuno. "Mayo! Na miye nangojea banyinyi, batoto, mumalize. Mugongo inaniuma tangu mwaka jana!"

Hata Matildah, msimamizi wetu, akatoa funguo mfukoni. "Miye nilitaka kufunga tangu saa sita. Nilisikia haya kubafukuza."

Mama, tulicheka mpaka tukakaa chini tena! Miezi yote hiyo tuliheshimiana bure. Kisha wakanisindikiza mbio hadi bandarini, Léonie kabeba mzigo wangu, mama Nsama akimpigia Ruffin kelele asithubutu kuondoka.

Ruffin ananicheka, eti barua gani hii, mwandishi na tarishi ni mtu mmoja. Namwambia furaha imenijaa, lazima nimwandikie mtu.

Sasa naona ufuko. Kuna mtu mfupi anakimbilia majini na gauni lake la kanisani. Mshike, Mama, asilowe! La, mwache. Mwache tu.

Mama yake Simone