Vigae Viwili vya Mwisho

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Genkuru. Bibi yako hajambo, na ndama uliyempa jina lako ameanza kula majani.

Umeuliza kwa nini nilitoka nje ulipowasha ile gemu ya zamani ya vigae vya Kichina kwenye televisheni. Nilikudanganya kwamba macho yananiuma.

Wakati watu walipokimbilia dhahabu, nilichimba duara, yaani shimo la dhahabu, huko Kewanja na Chacha, ambaye tulitahiriwa naye siku moja. Yeye alishuka chini, mimi nilibaki juu na kamba. Akiitikisa mara tatu, namvuta. Mchana mmoja niliifunga kamba kwenye gogo, nikaenda kibanda cha video kucheza gemu hiyo kidogo tu. Unaondoa vigae viwili vinavyofanana kwa pamoja, lakini kilichofunikwa hakitoki mpaka cha juu yake kiondoke. Nilisahau kila kitu.

Niliporudi mbio, watu wa duara la jirani walikuwa wameshamtoa Chacha. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kutikisa kamba. Nilingoja anitukane, hata anipige, maana mtu wa rika lako humfanyii hivyo. Alijifuta tope usoni, akaniuliza kwa upole, "Ulivimaliza?"

Hadi leo sijamjibu. Wewe nakuambia. Vilibaki viwili, Boke, vinafanana kabisa, kimoja kimelala juu ya mwenzake.

Babu yako,
Marwa