Mzee Asiye na Anwani

4 Machi

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokuuliza hali. Mimi mzima kama chuma, goti moja tu ndilo lenye kiburi. Karatasi yako ya utafiti kuhusu wastaafu wa kiwanda chetu imefika. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa jirani, japo maneno mengine marefu kama treni.

Sasa huyo mzee uliyemwandika amenitia huruma. Anakula amesimama jikoni, redio inaongea peke yake, siku inaisha hajatamka neno. Na kila anayetaka kumtembelea anaambiwa ana shughuli! Mpumbavu gani huyu? Mimi niliyeendesha boila ya kiwanda kizima sijawahi kuwa hivyo hata nikiumwa. Jina hukuandika, lakini nahisi ni yule wa idara ya rangi. Alikuwa mnyonge tangu zamani.

Nitumie anwani yake nikamchangamshe. Kile kiti cha pili kilichovunjika mguu nimekipigilia misumari, naye akija kwangu apate pa kukaa.

Baba yako,
fundi mkuu wa boila

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepunguza kiburi. Mimi sijambo, kazi tele, na chumba kimya nikirudi.

Baba, huyo mzee hana anwani. Niliwahoji wenzako mmoja mmoja, nikachukua yale yanayofanana kwa wengi wao, nikayaunganisha yakawa mtu mmoja. Ndivyo tunavyochora sura ya kundi. Ni nyinyi nyote, na si mmoja wenu. Wewe sikukuhoji kwa kuwa ni baba yangu, mwalimu wangu alikataa.

Lakini leo acha nikuulize kama mtoto. Mwaka jana nilitaka kuja likizo, ukasema una shughuli. Mwaka juzi vilevile. Shughuli gani, Baba?

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima. Usidhani nilinuna, kalamu iliisha wino.

Nimekwenda kwa Kipara, yule mwenzangu wa mizani kiwandani, nihakikishe kama unayoandika ni kweli. Nikagonga mlango.

"Nani?"

"Mimi, Boila!"

"Aa, bwana we, leo nina shughuli. Nyingi kwelikweli!"

Nikazunguka nyuma, nikachungulia dirishani. Jamaa kasimama, anachota chakula kwenye sufuria, redio inamsimulia habari za mvua. Nilicheka njia nzima, watu wakadhani nimelewa.

Kufika kwangu, nikaikuta redio inaongea.

Basi utafiti wako si mbaya, mwambie huyo mwalimu wako kwamba fundi mkuu kasema. Ila mimi simo humo, msinitie. Mimi nakula nimekaa. Baadhi ya siku.

Baba yako,
fundi mkuu

3 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Jana nilisahau kujibu swali lako.

Shughuli hakuna.

Kile kiti cha pili hakiyumbi. Nimekikalia mwenyewe kukijaribu.

Baba