Kamyo ya Harusi Ilipita Mara Tisa

Jumanne, mwezi wa tisa. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, ila mimi nimeoa! Leo ni siku ya kumi, na bado naliandika neno hilo kama mtoto anayejaribu kalamu mpya.

Régine anaimba jikoni. Napenda hata anavyoyagombeza makaa yakikataa kuwaka. Amepanda maua kwenye makopo ya maziwa, ameyapanga barazani upande wa barabara.

Upande wa barabara. Hapo ndipo moyo unaponiuma.

Mimi ni karani wa ofisi ya barabara hapa Élisabethville. Injinia wetu aliagiza magari ya njia hii ya Kasungami yahesabiwe wiki nzima, ajue kwa kawaida yanapita mangapi kwa siku. Kisha safari yake ya likizo Ulaya ikawahishwa. Akasema siku moja inatosha. Ikahesabiwa Jumamosi.

Jumamosi ya harusi yetu.

Mwenzangu Kaumba alikaa mezani karibu na njia panda, akichora kijiti kwa kila gari. Na shangazi za Régine, kwa desturi yao, walikataa bibi harusi ashuke kwenye kamyo, lori lililomleta, kabla hatujawabembeleza vya kutosha. Kamyo inafika mlangoni, tunatandika vitenge chini, wao wanapiga kelele: "Rudisha kamyo! Mutoto yetu haiko gunia ya bunga!" Inageuka mpaka njia panda, inarudi. Mimi nimesimama na kuku mkononi, nacheka mpaka machozi. Mara ya tano akashuka. Ee Mungu, alivyopendeza!

Kwa hiyo kamyo ilipita mbele ya Kaumba mara tisa, kila mara na magari mawili ya wageni nyuma yake. Vijiti ishirini na saba, kwenye njia ambayo siku nyingine magari kumi ni mengi. Kaumba alitumwa kuhesabu, si kuuliza yanakwenda wapi.

Jana nilipiga taipu ripoti. Kwa hesabu ya injinia, Régine wangu analetwa kwangu kila siku, mwaka mzima. Ningependa! Lakini kwa magari mengi hivyo barabara lazima ipanuliwe, na ukingo mpya unapita katikati ya chumba chetu.

Nilimweleza injinia. Alikuwa anafunga sanduku lake. "Piga kama ilivyoandikwa, karani." Nikapiga. Nimesoma sekondari kwa mapadri, kuzidisha na kugawanya najua, na bado nilipiga kama ilivyoandikwa. Leo asubuhi amepanda treni.

Régine hajui. Mchana aliniuliza, "Mupenzi, tupande mapapai nyuma ya nyumba?"

Nikasema tupande.

Kesho natumwa kuchora alama nyekundu kwenye nyumba zitakazovunjwa. Kaumba atabeba kopo la rangi, brashi ni yangu. Kutoka njia panda, nyumba ya kwanza ni yetu.

Bado anaimba. Nimkatize, au nimwache kwanza amalize wimbo?